Bei Poa Hakupiga Hodi

Asubuhi ile ofisini walikuwepo watu watano: mwenye ofisi, ambaye mji mzima ulimwita Bei Poa, karani wake, mwendesha boti, na mwalimu mstaafu aliyekuja na mkewe kupanga mapumziko yao ya kwanza tangu waoane. Wote walikuwa bado wamesimama wakisalimiana. Hata hivyo kiti cha Bei Poa kilikuwa kimelowa.

Alikigusa, akanusa vidole. Maji ya chumvi.

"Karani, umemwaga nini hapa?"

"Sijamwaga kitu, bosi."

"Basi kiti kimejikojolea," alisema Bei Poa, akacheka peke yake.

Mke wa mwalimu alitoa leso yake na kukifuta taratibu, ili karani, binti wa watu, asiendelee kusemwa. Mama huyo alikuwa ametoka hospitali juzijuzi. Daktari alimwambia apumzike mahali penye hewa safi. Mumewe alitaka awe mahali hapo kabla hajaugua tena, na uwezo wao ulifika kwa Bei Poa tu.

Bei Poa alikuwa mtu wa kudharau. Wenye hoteli kubwa aliwadharau kwa kuwa nazo, wateja wake aliwadharau kwa kukosa pesa za kwenda kwenye hoteli hizo. Alichouza ni kisiwa kidogo kisicho na watu, chenye nyumba moja ya mawe iliyoachwa wazi. Humo mgeni angelala, angevua na kupika mwenyewe, angetazama ndege mpaka achoke. Kodi hakumlipa mtu, ndiyo maana bei ilishuka.

"Samaki wapo kweli?" aliuliza mwalimu.

"Wanagombea ndoano kama watoto wanaogombea ukoko. Hata mtu kama wewe atapata."

Mwalimu alitabasamu kwa adabu. Mwendesha boti alikuwa akikunjakunja kofia yake.

"Mwanangu, mbona umenyamaza?" mke wa mwalimu alimuuliza.

"Ile nyumba ina mwenyewe, mama," alijibu kwa sauti ya chini. "Sisi wote wa baharini hupiga hodi mlangoni. Ukiitikiwa unaingia. Usipoitikiwa unalala botini. Tulipokwenda kuikagua nilimwambia bosi."

"Nikamuuliza nimpigie hodi nani, kaa?" Bei Poa alidakia.

"Ukaingia na viatu. Ukatema mate sakafuni. Ukasema kama nyumba ina mwenyewe, akufuate ofisini adai kodi."

"Haya, amenifuata?"

Feni ilisimama. Harufu ikaingia, ya utumbo wa samaki uliopigwa na jua, na mke wa mwalimu akaziba pua kwa leso ileile.

"Bosi," karani alinong'ona, "kuna mtu stoo?"

"Stoo kuna nyavu na ndoano. Acha ushamba."

Lakini mlango wa stoo ulikuwa ukifunguka, polepole, bila mkono kwenye kitasa, na kutoka mle zikaja hatua nzito zilizolowa, kila hatua ikiacha mchanga juu ya sakafu aliyokuwa ameipiga deki karani alfajiri, hatua zikapita katikati ya mwalimu na mkewe bila kuwagusa, zikamzunguka mwendesha boti aliyekuwa amefumba macho, zikafika kwenye kiti cha Bei Poa, na kiti kikabonyea, kikalia, kama kimekaliwa na mtu mwenye uzito wa ng'ombe, na maji yakaanza kudondoka chini yake, tone kwa tone.

"Ofisi yenyewe ndiyo hii?" sauti iliuliza. Ilivuma kama inatoka ndani ya tangi tupu. "Feni mbovu. Ukuta una fangasi. Na bado unajisifia kwa watu."

Bei Poa alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Nimeingia bila hodi. Nimekosea?"

"Hii... hii ofisi ni yangu."

"Na ile ilikuwa ya nani?"

Mwalimu alimvuta mkewe kuelekea mlangoni, lakini mama yule alibaki palepale, leso mkononi.

"Tusamehe, mwenye nyumba," alisema. "Tulitaka kuja kwako kupumzika. Hatukujua. Hodi."

Matone yalikoma.

"Karibuni, wewe na mumeo. Mmoja wenu ameufuta unyevu wangu bila kunitukana." Kiti kiligeuka kikamkabili Bei Poa. "Huyu, nje."

Hakuna aliyeona mkono. Waliona kola ya shati lake ikinyanyuka, viatu vikiburuzika, kisha mlango ukafungwa, naye akabaki barazani akigonga kama ombaomba.

Aliletwa mganga mwenye sifa. Yule alipiga hodi, akaitikiwa, akaingia na chetezo chake. Alipotoka jasho lilikuwa likimtiririka.

"Hatoki," alimwambia Bei Poa. "Anasema yuko mapumzikoni, na bei imemfaa."

Mwalimu na mkewe walikwenda kisiwani, wakapiga hodi japo walikuwa wamekwisha kukaribishwa, wakavua, wakarudi wameungua jua na wamenenepa. Karani na mwendesha boti bado wana kazi zao. Kila asubuhi Bei Poa husimama nje ya ofisi yake mwenyewe, viatu mkononi, akipiga hodi. Siku nyingine huitikiwa.