Mahindi ya Kwenye Kona

"Kata haya mahindi, Wanjala! Unangoja mtu afe?"

"Nikate ya nini, Mama Jentrix? Si mkwe wako alipima hii kona na kompyuta, akasema dereva anaona mita mia mbili? Muulize yeye!"

Neno mkwe lilimchoma Jentrix, aliyekuwa akimsikiliza mamake kutoka mlangoni. Ndani, kaka yake Dancan alilala na mguu wa plasta tangu pikapu iliyotoka Bungoma imgonge hapo konani.

Yeye na Kimaiyo, mpima barabara, walikutana kwenye saiba, duka la intaneti la Kitale, Januari ya mwaka huo wa 2006: koti la njano la kung'aa, viatu vimejaa matope, akigombana na printa iliyotafuna ramani yake. "Siste, usinicheke bana!" Alimwonyesha sura ya ardhi ndani ya kompyuta, kila kilima na bonde, na mahali macho ya dereva yanapofika. Aprili wakawa wanaitana mpenzi. Sasa ni Julai, na wiki nzima Jentrix hajashika simu ya Kimaiyo.

Ikalia tena. Akaishika.

"Malkia, hata salamu?"

"Salimia kompyuta yako! Ripoti yako ndiyo ilifanya tunyimwe matuta ya barabarani."

"Niko hapa kwa kona. Njoo."

Alimkuta amechuchumaa kando ya lami, macho usawa wa dereva. Mbele yake, ukuta wa mahindi.

"Nilipima Januari, shamba likiwa tupu. Kompyuta ilijua udongo tu, mpenzi."

"Na wewe, mtoto wa mkulima wa Kapsokwony, hukujua mahindi humea?"

Kimaiyo akainama. "Nilijua. Sikufikiria." Akampa nakala ya barua. Alikuwa ameshawaandikia wakubwa kwamba kosa ni lake, na matuta yanahitajika. "Wanaweza kunifuta kazi."

Jentrix aliisoma mara mbili, hadi kwenye sahihi.

Kimaiyo akamgeukia jirani, aliyekuwa akisikiliza kando ya shamba lake. "Mzee Wanjala, naomba panga. Ni mistari sita tu."

Wanjala akasonya, akaenda, akarudi na mapanga mawili.

Kufikia saa saba kona ilikuwa wazi. Jentrix alisimama ng'ambo, akapunga leso yake nyekundu.

"Unaniona?"

"Mpaka hereni!"

Mama Jentrix, aliyekuwa akiokota mahindi mabichi, sasa alifunua sufuria mlangoni.

"Wewe mpima barabara! Yameiva. Mwombe Dancan msamaha kwanza, halafu ukae, ule."