Uvimbe wa Bosi

Fundi cherehani alishonea nguo katika chumba cha mbele. Mumewe, seremala, alifanyia kazi uani. Mbwa wao walimwita Bosi, kwa sababu wao wakitoka jasho kwa kazi, yeye hulala.

Asubuhi moja fundi alimkuna Bosi ubavuni. Mkono ukagusa uvimbe laini, mkubwa kama limau.

"Baba watoto, njoo! Bosi ana nini hapa?"

Seremala akaubonyeza. "Jipu hili. Nikilipasua kwa wembe, usaha utoke, basi."

"Jipu gani halina joto?" akasema mama mkwe wa fundi, aliyeishi nao. "Kaumwa na nyuki huyo. Mwacheni, utanywea wenyewe."

Fundi hakujua ashike lipi. Kama ni jipu, mbona Bosi halii akiguswa? Kama ni nyuki, mbona uvimbe haushuki? Mteja mmoja naye akamwambia, "Hiyo ni kansa. Huyo si wa kupona." Siku hiyo fundi alishona gauni, mkono wa kulia akauweka kushoto.

Jioni seremala alichemsha wembe. "Haya, mshike kichwa."

Fundi akamshika. Bosi akamlamba kiganja. Fundi akamwachia.

"Hapana. Hatujui tunakata nini."

"Nani basi anajua?"

"Daktari wa mifugo."

"Yule si wa ng'ombe?"

"Kesho tutamuuliza."

Daktari wa mifugo alikuwa mama mcheshi. Aliuliza uvimbe ulionekana lini, na kama umekua. Kisha akampapasa Bosi mwili mzima. Nyuma ya paja, vidole vyake vikasimama.

"Na hiki mmekiona?"

Kilikuwa kinundu kidogo kama punje ya dengu.

"Si kupe hicho?" seremala akauliza.

"Kwa macho na vidole peke yake siwezi kujua. Nitachukua chembe chache kwa sindano, hapa pajani na pale ubavuni, nizipime kwa hadubini."

Majibu yalipotoka, daktari aliwaita. "Ule mkubwa ni mafuta tu. Haumdhuru."

Seremala akashusha pumzi. "Afadhali!"

"Ngoja, baba. Hiki kidogo ndicho kibaya. Ni kansa."

Mume na mke wakatazamana. "Lakini daktari," fundi akasema, "sisi tulikuwa tunahangaika na ule mkubwa!"

"Ukubwa hausemi kitu, mama. Ndiyo maana tunapima. Mkiona uvimbe mpya, msiuminye, msiupasue, msiupake dawa. Mnaweza kumdhuru zaidi. Mleteni mapema. Ukikua haraka, ukitoa damu au ukiwa kidonda, msingoje kabisa."

"Atapona?"

"Tumewahi. Tukitoe sasa."

Bosi alichomwa dawa ya usingizi, kinundu kikatolewa pamoja na nyama kidogo ya pembeni. Ikapimwa pia. Habari zikaja njema: hakuna kilichobaki.

Sasa kila Jumapili familia humpapasa Bosi, toka masikio mpaka mkia. Mama mkwe ndiye mkali kuliko wote.

Juzi alisimamisha vidole shingoni. "Hapa pana kitu."

"Pengine ni mwiba tu, mama," fundi akasema.

"Pengine," akajibu mama mkwe, huku akiinuka kutafuta kamba ya mbwa. "Twende tukaambiwe na anayejua."