Nyanya za Emmett Garver

Renata Hudak aliingia kwenye jumba la soko kukwepa theluji tu. Hakuwa na haja ya kununua kitu. Ilikuwa Jumamosi ya Februari, na nusu ya Pittsburgh ilikuwa imejisitiri humo, watu wakisukumana kwa makoti mazito, hewa nzima ikinuka kahawa na soseji za kukaanga. Yeye alivaa koti jekundu la sufu aliloachiwa na mama yake. Miwani ilimjaa mvuke. Alipoifuta alijikuta mbele ya meza tupu, na nyuma ya meza mwanamume mrefu mwenye shati la mirabaraba na ndevu zilizokatwa ovyo.

"Unauza nini wewe?"

"Mboga."

"Ziko wapi?"

"Bado hazijaota, dada."

Renata akacheka, kicheko alichokuwa hajakisikia kinywani mwake tangu mazishi ya mama yake.

"Unalipa sasa, unakula kuanzia Juni hadi Oktoba," akasema yule bwana. "Kila Jumanne kikapu kimoja. Shamba likizaa sana, unapata sana. Likizaa kidogo, unapata kidogo."

"Na likikosa kabisa?"

"Utakuwa umenijua mimi. Hiyo si faida?"

"Faida gani, na ndevu zenyewe ndizo hizo!"

Hata hivyo akaandika jina lake kwenye daftari. Alikuwa mtu wa themanini na nne kujiandikisha. Karatasi ya masharti aliyopewa aliikunja, akaitia mfukoni, asiisome.

Juni ilipofika, kila Jumanne baada ya kazi kwenye duka la miwani, Renata alikwenda kwenye ua wa kanisa ambako yule bwana wa mboga, Emmett Garver, alipanga vikapu vyake. Watu walitia alama kwenye majina yao, wakachukua, na kurudisha ndoo za maganda ya wiki iliyopita ili yakaozeshwe yawe mboji shambani. Renata alianza kufika mapema, kisha akaanza kuondoka wa mwisho. Nguo zake zikabadilika: gauni la maua, viatu vyepesi, midomo yenye rangi.

Simu ziliwafuata nyumbani.

"Emmett, hiki ulichonipa ni nini? Kama kabichi iliyomeza mpira."

"Imenye, uikate, uitie chumvi. Umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nimekula mkate nikiwa nimesimama."

"Mkate mkavu tena? Mwanamume mzima! Kesho nakupikia."

"Kesho ni mbali, mpenzi."

Ndipo alipomwita hivyo mara ya kwanza, na hakuna aliyetaka kukata simu.

Jumapili Renata akawa anakwenda shambani, mwendo wa saa moja kutoka mjini. Shamba halikuwa lake Emmett. Alilikodi, na mkataba ulikuwa unakwisha. Mwenye ardhi alikuwa amemwambia wazi: wanachama themanini wajiandikishe tena kufikia mwisho wa Septemba, atampa miaka kumi. Wasipofika, anauza.

"Watarudi," Emmett alisema siku moja, akimwonyesha mistari ya nyanya iliyofika kifuani. "Watu hawajiungi kwa ajili ya kabichi, Renata. Wanavumilia kabichi hadi Agosti wapate hizi. Wakirudi, naongeza chumba pale nyumbani. Chenye dirisha upande wa jua. Unapenda dirisha?"

"Napenda."

"Basi umeshajibu, na mimi sijauliza."

Mwanzoni mwa Agosti, miche mitatu ya nyanya ambayo Renata alikuwa ameinunua duka kubwa la mjini na kuipanda kwenye roshani yake ilianza kufanya madoa meusi. Akaikata. Hakutaka kuitupa takatakani, maana Emmett alikuwa amemfundisha kwamba hakuna jani la kutupwa. Akaitia kwenye ndoo pamoja na maganda, bado imefungwa kwa uzi wa kijani wa kufumia, na Jumapili akaimwaga mwenyewe juu ya lundo la mboji, hatua chache kutoka kwenye nyanya. Alijisikia mkulima.

Wiki mbili baadaye, Jumapili asubuhi, simu ililia.

"Usije leo," Emmett alisema.

"Unaumwa?"

"Nyanya. Zimeshikwa na baka jani, ule ugonjwa unaosambaa mmea hadi mmea. Shamba zima."

Alikwenda hivyo hivyo. Mashina yalikuwa yamegeuka rangi ya kahawia kama yaliyopitiwa na moto, na matunda yakibonyea kwa kidole. Harufu ya uozo ilitanda kote. Wawili hao waling'oa kutwa nzima, wakijaza mifuko ya plastiki. Emmett hakumtazama usoni, wala hakumwita mpenzi. Tangu siku hiyo simu zake zikawa fupi, kisha zikakoma.

Jumanne zikaja za kabichi na viazi. "Tena?" watu waliuliza. Emmett aliwaambia ni upepo uliouleta ugonjwa. Baadhi walimpa pole, wengine walichukua kikapu wakaenda zao. Septemba ilipokwisha, daftari lilikuwa na majina thelathini na moja.

Renata alimfuata nyuma ya lori.

"Nimekukosea nini? Niambie tu."

Emmett akatoa mfukoni kipande cha uzi wa kijani. "Nilikiona kwenye mboji siku ile ile ya kwanza ya ugonjwa. Kimefunga shina lenye madoa, pale pale ulipomwaga ndoo yako."

Renata alikitazama. Ikamchukua muda kuelewa, na alipoelewa alishika ubavu wa lori.

"Mungu wangu. Ni mimi."

"Hukujua?"

"Ningejua ningekuja kung'oa na wewe huku nimenyamaza?"

"Nilidhani unanificha. Wiki sita nangoja useme." Akajifuta uso kwa kofia. "Imeandikwa kwenye karatasi ya masharti. Mmea mgonjwa usiletwe."

"Sikuisoma. Emmett, sikuisoma."

Akamkumbatia hapo hapo, kwa nguvu, na Renata akalia kwenye shati lake. Alikuwa amesamehewa, alilihisi hilo mwilini. Kwa kitambo akadhani yamekwisha.

"Njoo ukae kwangu," Renata alisema.

"Ghorofa ya tatu, nifanye nini? Ndugu yangu amenipatia kazi ya kuendesha lori la maziwa, Ohio."

"Basi nakuja Ohio."

"Usije."

"Kwa nini? Si umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Lakini nikikutazama nayaona yale mashina, Renata. Hata sasa hivi. Najaribu kila siku, hayaondoki."

Renata hakubishana. Na yeye alikuwa akiyaona.

Jumanne ya mwisho ya Oktoba Emmett alishusha vikapu, akamshika shavu kwa kiganja chake kigumu, akaondoka kabla watu hawajaja, kwa kuwa Renata alikuwa amemwomba amwachie kazi ya kugawa. Aligawa hadi jioni. Kikapu chake alimpa mama mmoja ambaye hakuwa kwenye orodha. Alipokuwa akifagia ua, mzee mmoja mwanachama alirudi kufuata kofia aliyoisahau.

"Haya binti, asanteni. Mwakani mnaanza Juni tena?"

Hakuwa amewahi kulitamka jibu hilo kwa sauti.

"Hakuna mwakani, mzee," alisema, akaendelea kufagia.