Sahihi Arobaini

Ijumaa jioni, mwezi wa sita, baridi ya Mbeya ikiuma mpaka kwenye fizi, Verediana alikwenda posta kuchukua bahasha ya ofisi. Mkono wa kulia alishika ufunguo wa sanduku la barua. Mkono wa kushoto alimshika Leokadia, binti yake wa miaka minne, ambaye alifuata stempu tu.

"Mama, ya twiga ipo?"

"Zipo mbili."

"Zote zangu. Kaka Seni hapewi."

Bahasha hiyo ilikuja karibu kila wiki kutoka Usangu. Ofisi yao ndogo pale Mwanjelwa iliandikisha wafugaji waliohamia bondeni kutoka kaskazini, na daftari la kaya lilikuwa na nakala nne: moja mezani kwa Verediana, moja kwa mpiga chapa, moja kabatini, na moja iliyosafiri ndani ya Land Rover na mkuu wa ofisi, Ndugu Filemoni. Mtu akizaliwa, akifa au akihama, kilikuja kipande cha karatasi: futa hili, weka lile. Verediana alikibandika kwa gundi juu ya mstari wa zamani, mara nne. Kisha akatia sahihi ukurasa wa mbele, kwenye mstari wa sahihisho hilo, mara nne, kuthibitisha kwamba nakala zote zinasema neno moja.

Ifanye kazi hiyo miaka sita uone. Ladha ya gundi ilimfuata mpaka kwenye ugali. Basi mwezi wa kwanza, siku moja ya mvua, alikaa akatia sahihi mistari yote arobaini ya masahihisho ya mwaka mzima katika nakala zote, kabla hata kipande kimoja hakijaja. Kazi ataifanya tu, alijiambia. Sahihi itangulie.

Tangu siku hiyo kazi ikaanza kujifanya yenyewe.

Bahasha aliyoiacha mezani Ijumaa, Jumamosi asubuhi aliikuta tupu. Vipande vilikuwa vimeshabandikwa, vimenyooka kuliko alivyowahi kunyoosha yeye. Gundi ilikuwa bado mbichi. Na harufu yake... haikuwa ya gundi ya ofisi. Ilinukia udongo uliochimbwa asubuhi ileile.

"Ahsante, Bi Mwanakhamisi," alimwambia mpiga chapa.

"Ahsante ya nini, mwanangu?"

Verediana hakuuliza zaidi. Mtu aliyetuliwa mzigo hageuki kumkagua aliyemtua. Wiki zilipita, naye alikunywa chai yake bila gundi vidoleni, akaona raha.

Kisha, mwanzoni mwa mwezi huo wa sita, akaja Ndalahwa, mfugaji wa kaya ya tisa, kuulizia eneo lake la malisho. Siku zote alikuja na mkewe na wana watatu, mdogo, Budeba, akiwa mgongoni mwa mama. Safari hii wana walikuwa wawili.

"Budeba mmemwacha nyumbani?" Verediana aliuliza.

Ndalahwa alicheka. "Budeba gani, mama? Mimi wanangu si ndio hawa hapa?"

Mkewe alikuwa amefunga mbeleko. Ilikuwa imetuna kidogo mgongoni, imekazwa vizuri kifuani, na ndani yake hamkuwa na kitu.

"Mbona umefunga mbeleko, mama?"

Yule mama aliitazama. Akapapasa mgongo wake polepole. "Sijui," alisema. "Baridi labda."

Walipoondoka, Verediana alifungua daftari, akauinua ukurasa kwenye mwanga wa dirisha. Kipande kilichobandikwa kilisema: wana wawili. Chini yake, maandishi ya zamani yalionekana kwa mbali.

Wana watatu.

Bi Mwanakhamisi alikuwa amesimama nyuma yake. Aliligeuza daftari, akatazama ukurasa wa mbele, ile safu ya sahihi iliyoshuka mpaka chini kabisa, hata mahali ambapo hapakuwa na tarehe.

"Ulisaini patupu?" alinong'ona.

"Nilikuwa nimechoka, Bi."

"Sahihi ni mkono wa mtu, mwanangu. Umeuacha mkono wako mezani usiku na mchana. Mwenye shida nao ameuokota."

"Nani?"

"Ningemjua ningekaa humu?" Alirudi kwenye mashine yake, asipige hata herufi moja. "Maji yamemwagika. Hayazoleki."

Ndiyo maana Ijumaa ile ya twiga wawili Verediana hakuipeleka bahasha ofisini. Aliipeleka nyumbani. Alimbandulia Leokadia stempu zake, akaifungua jikoni. Kilikuwamo kipande kimoja.

Sahihisho na. 23. Kaya ya 31, Kashindye. Futa: wana wawili. Weka: mwana mmoja.

Kashindye alikuwa mumewe. Alikuwa huko Usangu na ng'ombe wa baba yake, na kaya yao iliandikwa huko pamoja na za ndugu zake. Wana wawili walikuwa Seni na Leokadia. Karatasi haikusema nani abaki.

Aliitia kwenye jiko la mkaa, akayakoroga majivu yake kwa kijiko. Usiku ule alilala katikati ya watoto, ameshika huku na huku.

Asubuhi alikwenda nao ofisini. Nakala ya mezani kwake: imebandikwa. Ya mpiga chapa: imebandikwa. Ya kabatini, kabati lilikuwa limefungwa na ufunguo anao yeye: imebandikwa. Alichukua wembe, akabandua. Chini ya kipande palikuwa na kipande kingine. Akabandua. Kingine tena.

Akaacha vipande, akaigeukia sahihi yake. Mstari wa ishirini na tatu, aliikwangua mpaka karatasi ikatoboka, katika nakala zote tatu. Ilibaki moja. Iko njiani, kwenye Land Rover.

Saa sita wenzake walifunga ofisi. Yeye alikaa kwenye ngazi na watoto wake, akiingojea Land Rover. Nakala zote nne zinasema neno moja... hiyo ndiyo ilikuwa kanuni. Zote nne zikikataa, labda.

Giza likianza kuingia, taa za gari zilikata kona. Seni alikuwa nyuma yake, ameshika sketi. Mkono wa kulia Verediana alikuwa na wembe. Mkono wa kushoto alimshika Leokadia.

"Ndugu Filemoni, nipe daftari! Nipe haraka!"

Filemoni alimpitishia dirishani. Verediana alilifungua juu ya goti kwa mkono uleule wa wembe.

Harufu ya udongo.

Gundi mbichi.

"Ndugu Verediana, mbona uko hapa mpaka saa hizi?" Filemoni aliuliza.

Verediana alisimama pale na mwanawe. Alitazama wembe, asikumbuke ulikuwa wa nini. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekunjwa nusu, na kiganja kina jasho, katika baridi ile.

"Hata sijui," alisema. "Nilikuwa nakungoja."

"Nenda kapumzike. Mtoto anatetemeka."

Walirudi nyumbani, yeye na Seni. Alipika. Alipakua sahani tatu, akaona amekosea, ya tatu akairudisha sufuriani. Hakuwa na njaa wala shibe. Hakusikia chochote, kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi.

Alipofunga mlango aliziona. Stempu, nyuma ya mlango, nyingi, zimebandikwa ovyo, usawa wa kiuno chake. Mbili za mwisho zilikuwa za twiga. Muhuri wake ulikuwa wa wiki ileile.

"Seni, wewe ndiye umebandika?"

"Siyo mimi, mama."

"Basi wapangaji wa zamani."

Alichukua kitambaa cha maji akaanza kuzitoa, moja moja. Zilitoka kwa urahisi. Alipofika kwenye twiga aligundua kwamba uso wake umelowa, na matone yanaangukia kwenye kanga. Aliyafuta akastaajabu, kwani hakuwa na huzuni yoyote.

"Mama," Seni alisema kutoka kitandani, "Ijumaa nitakusindikiza posta?"

"Utanisindikiza."

Ilibaki mistari kumi na saba kumaliza mwaka. Yote alikuwa ameshaitia sahihi.