Shaibu Chini ya Kitanda

Nakutegea wewe unayesoma: ana ndevu tangu utotoni, hana mjukuu wala mkongojo, na akiudhika ndevu zake hugeuka nyeusi. Umeshindwa? Basi nipe mji. Ni mjusi mwenye ndevu za miiba kidevuni, na huyu wa mtaa wa Bertrams, jina lake Shaibu, alikuwa wa mvulana aitwaye Naseeb.

Kila alasiri Masika alifagia nywele saluni kwa mama yake. Siku shule zilipofungwa kwa likizo ya baridi, alimkuta jirani yake Naseeb langoni, boksi la Shaibu kwapani na taa mkononi. Naseeb na wazazi wake walikuwa wanakwenda Tanga kwa wiki tatu, naye alitaka Masika amtunzie mjusi wake.

"Taa hii iwake mchana kutwa," alisema. "Na mama yako amekubali?"

Masika alijua mama yake akiona mjusi hupanda juu ya kiti. "Anakula nini?" akauliza.

"Nzige na mboga za majani. Lakini mama yako..."

"Safari njema, bwana!"

Alimficha Shaibu chini ya kitanda, katika katoni ya nywele za bandia. Taa hakuiwasha, mwanga ungemsaliti. Mama yake alizoea kusimulia misitu ya Beni alikozaliwa, jinsi mijusi wanavyojificha kwenye majani mabichi mvua ikinyesha. Basi Masika akamtandikia majani, akayanyunyizia maji asubuhi na jioni, akidhani anamtendea kama kwao.

Siku ya nne Shaibu hakugusa mboga. Siku ya sita alikuwa baridi kama jiwe la mtoni, macho ameyafumba, ndevu nyeusi tii. Akifa, Naseeb ataambiwa nini? Na Mama akijua, je? Masika alilia sakafuni, kisha akajifuta, akabeba katoni mpaka saluni.

"Mama, usipige kelele."

Mama alipiga. Mteja aliyesukwa nusu kichwa alisema, "Eish!" akatoka mbio na taulo shingoni.

"We Masika! Umeniletea mamba?"

"Anakufa, Mama."

Mama akamtazama mtoto, si mjusi. Akavua aproni, akafunga saluni, akaibeba katoni mwenyewe hadi kwa daktari wa wanyama, mikono ameinyoosha mbele kama mtu aliyebeba sufuria ya mafuta moto.

"Nani kamlaza kwenye maji?" daktari aliuliza. "Asili yake ni nyika kavu na jangwa la Australia. Jua ndilo jiko lake. Bila joto, chakula hakisagiki tumboni. Mpeni pakavu, upande mmoja joto, mwingine pa kupoa, na taa yake yenye miale kama ya jua. Lakini siwaahidi kitu."

Waliiwasha taa kwenye kona ya saluni. Siku tatu Shaibu hakula. Ya nne akala nzige mmoja, na Masika akalia tena.

"Mficha maradhi, kilio humfichua," Mama alimwambia, akiwa bado amekaa mbali na kona ile. "Ukificha mnyama, umeficha na shida zake. Ungeniuliza, ningepiga kelele siku ya kwanza, na yeye asingeteseka siku sita."

Naseeb aliporudi, alimkuta Shaibu amenyoosha shingo chini ya taa.

"Mbona amekonda?"

Mama aliendelea kusuka. Masika akaweka fagio chini.

"Uliniuliza langoni kama Mama amekubali," alisema. "Hakukubali. Sikumwomba."