Unga Uliokwisha Kunywa

Jua lilikuwa linazama Fundi Msasa alipobisha hodi nyumbani kwa nesi mmoja, mteja wake, na kama angeulizwa anataka nini duniani saa ile, angejibu kitanda. Magoti yalimuuma. Mgongo ulimuuma. Hata kucha zilimuuma, ikiwa kucha huuma. Alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu za watu miaka mingi, akisugua marumaru kwa msasa, mpaka mtaa mzima ukasahau jina alilopewa na mama yake. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akimwita kwa jina lile, naye ni mkewe, na sasa mkewe hayupo.

Kazi ya jioni ile ilikuwa ndogo. Kubandua unga wa dawa aliouweka jana yake juu ya doa la jikoni, kupangusa, kuaga.

Nesi alifungua mlango akiwa bado na sare ya kazini, viatu mkononi.

"Karibu fundi. Mama yuko kwenye doa lake. Leo hata uji kaukataa."

"Pole, dada."

"Nimechoka mwenzio. Kule wagonjwa, huku mama. Litoe tu hilo doa, labda atainuka pale chini."

Mambo yalikuwa hivi. Baba wa nesi alianguka jikoni akiwa peke yake, akalala palepale sakafuni hadi alipokutwa, amekwisha kuwa baridi. Waliomwinua waliacha doa. Wangeweza kulitoa mapema, lakini mjane wake hakukubali. Kila jioni alikaa chini, akachovya kitambaa kwenye mafuta, akalipangusa taratibu. Ukimuuliza, anakujibu, "Asije akakauka."

Fundi Msasa hakushangaa kwamba doa lilikuwa limekua. Marumaru hukudanganya kwa mng'ao wake, lakini ni jiwe lenye vinyweleo kama ngozi, na lina kiu. Ukilimwagia chai, linakunywa. Ukilipaka mafuta, linakunywa. Dawa yake ni unga wa udongo mweupe: unaukoroga na maji uwe kama uji mzito, unaupaka juu ya doa, unafunika kwa nailoni yenye matundu madogo, unauacha. Unga unapokauka unavuta juu kile ambacho jiwe limekunywa. Halafu unaubandua na kuutupa mbali.

"Shikamoo, mama," alisema akiingia jikoni.

Bibi, yule mjane, alikuwa ameketi ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, macho kwenye nailoni.

Fundi akapiga magoti. Akainua pembe ya nailoni.

Unga ulitakiwa uwe umekauka. Ulikuwa na unyevu katikati, na ulikuwa na joto. Harufu ikamfikia... tumbaku. Tumbaku ya kiko, nzito, kama mtu amepulizia usoni pake.

"Dada, hapa nani anavuta?"

"Hakuna. Alikuwa marehemu baba tu."

Mtu mwenye akili timamu na magoti mazima angefunika, akaacha unga ukauke, akarudi kesho. Msasa alitaka kulala. Akachukua kikwanguo, akakipenyeza chini ya ganda la unga, akasukuma. Lilibanduka kwa mlio laini, wa midomo inayofunguka.

Upande wa chini ulikuwa mweusi ti.

Na jiwe lilikuwa safi, ila kivuli chembamba kilichobaki katikati.

"Umemtoa," bibi alinong'ona.

"Nimetoa mafuta, mama."

"Unampeleka wapi?"

"Jalalani."

"Usimpitishe kwako." Sauti yake haikuwa ya mtu aliyechanganyikiwa. Ilikuwa ya mtu anayeelekeza njia. "Huyu hajazoea kulala peke yake. Atatafuta mwenzake."

Fundi alicheka kidogo, kwa adabu. Nesi alikataa uchafu ule kubaki kwake, akisema mama atakwenda kuufukua kwenye pipa. Kwa hiyo Msasa aliufunga kwenye nailoni ileile, akautia ndooni, akaondoka nao. Jalala lilikuwa ng'ambo ya barabara. Alilitazama. Magoti yakakataa, naye akayasikiliza.

Nyumbani kwake kulikuwa na kitu kimoja cha thamani, meza ya marumaru nyeupe aliyomtengenezea mkewe kwa kipande kilichobaki kwenye kazi ya watu. Kwenye meza ile palikuwa na alama. Mwaka wake wa mwisho, mkewe alikohoa sana, akawa anakunywa chai ya tangawizi na ndimu kutwa kucha, na hakujali kuweka kisahani. "Jiwe hilo, si ubao!" Msasa alikuwa akimfokea. "Ndimu inaliunguza!" Naye anajibu, "Si nina fundi ndani? Litatengenezwa nikifa." Kikombe chake kilikuwa kimevunjika kipande kwenye kitako, kwa hiyo duara lililobaki mezani lilikuwa na pengo upande mmoja, kama jino lililong'oka.

Alipokufa, fundi hakulitengeneza. Wateja waliofika walimtania kwamba meza ya fundi wa marumaru ndiyo yenye doa, naye akacheka nao. Wakishaondoka, aliweka kidole kwenye lile pengo na kulizungusha duara hadi likutane tena na pengo. Alimkumbuka mno. Hakuwa na picha yake nzuri, hakuwa na mtoto naye. Alikuwa na duara.

Jioni ile aliitua ile nailoni mezani, akakaa kwenye kiti avue viatu. Alivua kimoja, usingizi ukampitia.

Tak.

Ulikuwa mlio wa kikombe kikitua juu ya jiwe.

Chumba kilikuwa na giza, hakuwa amewasha taa. Alibaki na kiatu mkononi, macho ameyafumba, hajui kama ameamka au bado.

Tak.

Halafu kikohozi. Kidogo, kikavu, cha mtu aliyeziba mdomo kwa mkono ili asimwamshe mwenzake.

Nywele zilimsimama. Hakufumbua macho. Aliogopa, ndiyo, lakini aliogopa zaidi kwamba akifumbua mkewe ataondoka. Harufu ya tangawizi ikaja. Nyuma yake ikaja nyingine... tumbaku. Sauti ya mwanamume ikauliza jambo, chini chini. Kikohozi kikajibu.

Palipokucha, nailoni ilikuwa imefunguka yenyewe, na unga umelala mezani, mkavu, umepasukapasuka, vumbi lake limetapakaa kila upande. Ndoto za uchovu, alijiambia. Simu ikalia kabla hajatia maji usoni.

"Fundi, kile kivuli kimekolea tena na mama kakilalia. Njoo ulimalize leo, tafadhali. Nakuomba."

Akatikisa kopo la unga. Tupu. Duka la vifaa lilikuwa mbali, na jirani na kwa nesi kulikuwa na mteja mwingine anamngoja.

Sasa, fundi yeyote wa mawe anajua kwamba unga uliokwisha kutumika hautumiki tena. Ukiulowesha, unalirudishia jiwe kila ulichokivuta. Msasa alijua. Lakini alitazama rundo lile mezani, akatazama miguu yake yenye kiatu kimoja, akasema, kwa kivuli kidogo tu, nani atajua? Akaukomba kwa kiganja, wote, akautia ndooni. Vumbi lililobaki angelipangusa akirudi.

Alifika, akaukoroga, akaupaka, akaufunika. Akaenda kwenye kazi yake nyingine, na jua lilipoanza kuinama akarudi kubandua.

Doa lilikuwa limerudi lote, jeusi, pana kama mgongo wa mtu. Hilo alilitegemea, na tayari alikuwa na uongo wa kumwambia nesi.

Lakini pembeni yake, kama shubiri moja, palikuwa na duara.

La rangi ya chai. Lenye pengo upande mmoja.

Msasa aliweka kidole kwenye pengo. Akakizungusha hadi kikalifikia tena pengo.

"Hakurudi peke yake," bibi alisema.

"Fundi!" Nesi alikuwa mlangoni. "Doa moja limekushinda, umeniongezea la pili?"

Msasa alitoka mbio, yeye ambaye magoti yake hayakuweza kuvuka barabara, akafika kwake akihema, akalifuta vumbi la meza kwa mkono wa shati.

Meza ilikuwa nyeupe.

Nyeupe pee, inang'aa, kama siku alipomaliza kuisugua. Hata pale ndimu ilipokuwa imeunguza, palikuwa laini. Kazi safi kuliko yoyote aliyowahi kuifanya. Akakitoa kikombe kabatini, akakiweka pale, akakiinua. Hakikuacha kitu. Fundi Msasa aliweka kichwa juu ya jiwe baridi akalia kama mtoto.

Tangu hapo alikwenda kwa nesi kila jioni. Alisema analishughulikia, asilipwe chochote. Nesi alikuwa amechoka mno kubishana na mtu anayefanya kazi bure. Msasa alinunua unga mpya, akaupaka juu ya duara tu, kwa uangalifu, asiguse doa la mwenye nyumba. Akaungoja ukauke wote. Safari hii hakuwa na haraka.

Ganda lilibanduka jeupe, kama alivyolipaka.

Akapaka tena. Jeupe. Akapaka tena... jeupe. Unga haukuvuta kitu, na hakuna jiwe lenye vinyweleo duniani linalofanya hivyo, isipokuwa kama kilichomo ndani kimejishikilia. Hilo ndilo lililomuuma. Si kwamba ameibiwa. Ni kwamba alimwita, naye hakutaka kuja.

Na duara lilikuwa linasogea. Mafuta hutambaa ndani ya jiwe, fundi yeyote atakwambia, na doa hupanuka. Msasa alijiambia hivyo kila jioni. Ile shubiri ikawa vidole vitatu, kisha unene wa kidole kimoja. Lile pengo la duara, lililokuwa limeelekea dirishani, sasa lilikuwa limegeukia doa.

Bibi naye aliyaona. Aliacha kupaka mafuta. Hakula, hakulala, alikaa akiwatazama wawili wale kama anayetazama mlango wa jirani.

"Wanazungumza," alimwambia Msasa jioni moja. "Tangu nimeolewa hakuwahi kuzungumza nami hivyo."

"Mama, nipe siku chache."

"Mtoe mkeo."

"Hatoki, mama. Nimejaribu."

"Basi mimi ninajua cha kumtoa."

Jioni iliyofuata Msasa alimkuta bibi amepiga magoti. Nesi alikuwa bado kazini. Doa na duara vilikuwa vimegusana, pale kwenye pengo, na weusi ulikuwa umeanza kuingia ndani ya duara polepole. Mbele ya bibi kulikuwa na kisu na ndimu zilizokatwa katikati, nyingi, sahani nzima. Harufu yake ilikuwa kali jikoni kote.

Ndimu haivuti doa. Ndimu inaliunguza jiwe, inalila uso wake na kila kilichoandikwa juu yake.

"Mama, nakuomba!"

Bibi aliinua nusu ya ndimu. Msasa alijitupa chini, akafunika duara kwa kiganja.

"Ondoa mkono," alinong'ona bibi.

Hakuondoa. Bibi akakamua. Maji ya ndimu yakamchirizikia juu ya vidole, yakaingia kwenye mikwaruzo ya miaka yote ya msasa, yakamchoma mpaka machozi yakamtoka. Akavibana vidole lisipite hata tone. Bibi akachukua nusu nyingine. Na nyingine.

Chini ya kiganja, jiwe lilikuwa na joto.

Kisha kitu kikamsukuma kutoka chini. Taratibu... kwa upole... cha duara, kikali upande mmoja penye pengo. Kilimsukuma kama mtu anayekuomba usogee, unamzuilia njia.

"Ni mimi," Msasa alilia. "Ni mimi, mke wangu!"

Kikohozi. Kidogo, cha kuziba mdomo. Kisha kicheko, kile ambacho hakuwa amekisikia tangu maradhi yaanze.

Halafu, kutoka ndani ya jiwe, palepale chini ya mkono wake, sauti nzito ya mwanamume ikamwambia aondoe mkono, ikamwita kwa jina alilopewa na mama yake.