Masikio Aliyoyaapia

Chai ndiyo iliyotangulia kukosa sauti. Arame alikuwa amekaa mkekani uani, mchana, baada ya wali na samaki, akiinua birika dogo na kumimina kwenye glasi kama anavyomimina msichana yeyote wa Rufisque, huku kwetu Senegal, tangu ajue kukaa. Uzi wa chai ulishuka, povu likapanda, na hakuna kilicholia. Akarudisha chai kwenye birika, akamimina tena kutoka juu zaidi. Kimya.

"We Arame, unatupikia chai au unaiogesha?" kaka yake Ndiaga alimtania. Ndiaga ni fundi wa magari, mtu wa kupayuka, lakini kwa Arame yalifika maneno mawili tu.

"Umesemaje?"

"Nimesema ukishaiogesha uivalishe nguo."

"Sema vizuri basi, usininong'oneze."

"Mimi? Kunong'ona? Mtaa mzima wa Thiawlène unanisikia!"

Ndipo kutoka upande wa bafu ikaja sauti safi kuliko zote za siku ile, kila herufi mahali pake: "Arame, njoo unishike mkono."

Ndiaga hakugeuza hata shingo. Na bibi yao Thioro, mwenye sauti hiyo, alikuwa amezikwa Ijumaa iliyopita.

Nyumba ile imepakana na yetu, ukuta mmoja, kwa hiyo ninayoyasema si ya kuambiwa sokoni. Arame alikuwa na visikilizio vile vidogo visivyo na waya, ambavyo mama yake, Yacine, alimnunulia sikukuu ya Tabaski, Idi ya kuchinja, kwa kuwa amefaulu mtihani. Tangu siku hiyo hakuna aliyeyaona masikio ya mtoto yule. Alifagia navyo, alikula navyo, alilala navyo, na muziki ukiwa juu kiasi kwamba ukikaa karibu naye ungeweza kucheza. Wala si yeye peke yake. Siku hizi ukimsalimia kijana hapa kwetu unajibiwa na kichwa kinachotikisika kwa wimbo wa mtu mwingine. Bibi Thioro alikuwa akisema, "Huyu amejaza watu kichwani, sisi wa nje tumekosa mahali pa kukaa," kisha anacheka, maana alimpenda sana.

Siku ya msiba bibi aliingia kuoga. Yacine alikuwa bado barabarani na beseni lake la mikate na maharage. Aliporudi alimkuta mama yake chini kwenye saruji, kipande cha sabuni kimebanwa chini ya paja, bomba linamwaga maji. Arame alikuwa mkekani, hatua chache tu kutoka mlango wa bafu, anachambua mchele, visikilizio masikioni.

"Hukumsikia?" Yacine alipiga kelele. "Arame! Mama yangu alikufa kimya? Hukumsikia?"

Arame alirudi kinyumenyume mpaka kwenye pembe ya ua, pale penye vyungu. Kila nyumba ya zamani ya Walebu, wenyeji wa pwani hii, ina vyungu vyake. Hivi vilikuwa vinne, vya jini wa nyumba, na kila Jumatatu bibi alivimiminia maziwa ya mgando kama alivyofanya mama yake na bibi yake. Pale unaweza kugombana, unaweza kulia, hata nguo ukitaka utafua. Kitu kimoja hakifanyiki: mtu haapi. Kiapo ukikitoa mbele ya vyungu umekiweka amana kwa mwenye vyungu, na mwenyewe hasahau.

"Wallahi sikusikia, mama! Masikio yangu na yafe kama nilisikia!"

Shangazi yake Ngoné, anayeishi nao, alimziba mdomo kwa kiganja, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Sasa nikuambie jambo ambalo nyumba nzima haikulijua. Alisikia. Aliitwa mara mbili. Mara ya kwanza alidhani ni taulo, maana bibi alikuwa hodari wa kusahau taulo, na kwa kidole kimoja akaongeza muziki. Mara ya pili ilimkuta kati ya wimbo na wimbo, pale penye kimya kidogo: Arame, njoo unishike mkono. Akasema moyoni, ngoja kwanza nimalize bakuli hili. Kisha wimbo mpya ukaanza, na ulikuwa mzuri.

Watu walilaumu vile vidude, naye akawaacha walaumu. Alivitoa masikioni jioni ile ile na hakuvivaa tena. Aibu ilikuwa imemkaa kooni kama mwiba wa samaki, ukimeza unachoma, ukikohoa unachoma.

Baada ya siku ile ya chai, sauti zilianza kumhama. Kwanza ziliondoka nyembamba: ndege, kijiko, kengele ya farasi wa mkokoteni. Watu wakawa wanaongea kama wenye pamba mdomoni. Ikaja zamu ya jogoo, ikaja zamu ya adhana, akawa anajua saa za sala kwa kuwaona wengine wakichukua udhu. Sikio la kushoto lilizima kabisa, la kulia likabaki na sauti nzito tu, ukimsogelea. Na kadiri ua ulivyozidi kunyamaza ndivyo ile sauti ya bafuni ilivyozidi kunoga, haina haraka, haina hasira, inaita mchana kweupe watu wakiwa wamezunguka bakuli la chakula, na kila inapoita hewa inajaa harufu ya sabuni mbichi iliyolowa, harufu nzito ya kumtapisha mtu, hata akawa hawezi kupeleka tonge mdomoni kwa kuwa mkono wake mwenyewe ulinukia sabuni, na anapoinua macho anawaona mama na kaka na shangazi wakitafuna, midomo inakwenda, hawana habari, na nyuma yao mlango wa bafu umefunguka kidogo, kiasi cha mtu kuupenyeza mkono.

Yacine alimpeleka kwa mpimaji wa masikio. Kijana yule aliposoma kadi uso ulimchangamka.

"Diop? Mimi Ndiaye. Basi ugonjwa nimeshaujua. Nyinyi akina Diop ni walafi wa wali, sasa umewapanda hadi masikioni."

"Nyamaza, mtumwa wetu wewe," Yacine alimjibu, maana Diop na Ndiaye ni watani wa ukoo tangu enzi za mababu, na akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Arame alifungiwa kwenye kichumba, akavishwa visikilizio vikubwa, akapewa kitufe. Aliandikiwa: ukisikia mlio, bonyeza, usiposikia, tulia. Alibonyeza. Akabonyeza tena. Alibonyeza mara nyingi, akaona anafanya vizuri, mpaka mlango ukafunguliwa na yule kijana akasimama pale bila utani wowote usoni. Aliinama kwenye sikio la kulia.

"Dada, unabonyeza nini?"

"Ninachosikia."

"Muda wote huu sijaweka mlio hata mmoja. Unasikia nini?"

Arame alikuwa akisikia akiitwa.

Kijana alimuuliza kuhusu muziki, akajibiwa: sauti hadi mwisho, mpaka betri iishe, na usingizini pia. Alimgeukia Yacine. "Mama, ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana. Ukivipigia kelele vinachoka, ukizidisha vinakufa, na vikifa havioti. Hapa kila wiki wanakuja vijana wa namna hii. Lakini wao huharibika kwa miaka. Huyu ameharibika kwa siku." Akashusha sauti. "Nyinyi ni wenyeji. Mnajua pa kuuliza."

Jioni wanawake walikuja kumwona mgonjwa. Arame alikuwa amelala na sikio lake la kulia limeegemea goti la mama yake, na kupitia goti lile maneno yalimfikia.

"Msimlaumu mtoto," Yacine alikuwa akisema. "Mimi ndiye niliyemuua mama yangu. Nani alivinunua? Ni mimi! Nilivifunga kwenye karatasi ya maua, nikampa nikicheka."

Arame alitaka kuinuka aseme. Ulimi ulikataa. Alijichukia usiku na mchana baada ya hapo, na bado alinyamaza, na mama yake akaacha kula.

Shangazi Ngoné alikwenda kumleta Bi Mbossé, mganga wa kupunga pepo, mwanamke mkubwa mwenye sauti nzito. Aliwapita wote bila salamu akaenda kwenye vyungu. Maziwa ya Jumatatu yalikuwa pale pale, hayana nzi, hayana sisimizi, na yananuka sabuni.

"Nani ameapa hapa?"

Shangazi alimtazama Arame. Bi Mbossé akamshika mkono, akampeleka nyuma ya ukuta, akaweka mdomo sikioni.

"Ulisikia?"

Arame aligeuka upande alikokuwa mama yake.

"Basi usinijibu mimi. Mimi si mwenye haki. Nisikilize, mwanangu. Jini wa nyumba hii si mwizi, ameshika amana uliyompa. Nitapiga ngoma. Ukiendelea kusema hukusikia, hicho kidogo ulichobakiwa nacho utabaki nacho, na anayekuita ataendelea kukuita. Ukisema ulisikia, atanyamaza. Lakini hapo utakuwa umekiri kwamba uliapa uongo, na kiapo kitalipwa chote."

"Kitalipwa na nini?"

"Uliapia nini?"

Arame alijishika masikio kwa mikono miwili.

"Nitabaki bila sauti hata moja?"

"Sijui. Mimi napiga ngoma, sipigi ramli."

Walipunga alasiri, jua likiwa bado kali, ua umejaa. Arame alikalishwa mkekani, akafunikwa kitambaa cheupe, akapakwa maziwa na unga wa uwele. Ngoma hakuzisikia. Zilimpanda kutoka ardhini, kwenye mifupa ya makalio, kwenye mbavu, kwenye meno. Wapigaji walijaribu mdundo huu, wakauacha, wakajaribu mwingine, wakitafuta ule wa jini mwenye nyumba, na walipoupata, kila mtu aliyekuwepo aliujua kwa sababu maji yalianza kumwagika bafuni na hakuna aliyefungua bomba. Harufu ya sabuni ikatupiga sote, mimi nikiwemo, na Arame chini ya kile kitambaa akawa anaitwa, si tena kutoka bafuni bali kutoka hapo hapo mkekani, karibu kiasi cha kuhisi pumzi yenye maji ikimlowesha shavu, njoo unishike mkono, njoo unishike mkono, na vidole baridi vyenye utelezi vikawa vinatafuta vyake juu ya mkeka, vinavigusa, vinateleza, vinavigusa tena, mpaka akakivua kitambaa kichwani akakitupa ili asife gizani.

Cha kwanza alichokiona ni mama yake. Yacine alikuwa amepiga magoti kuelekea bafu, mikono imefunguliwa, midomo inarudia neno moja. Arame hakuhitaji masikio kulijua. Mama yake alikuwa akimwomba marehemu msamaha.

"Mama, acha!" alipiga ukelele. "Mama, nilisikia!"

Mikono ya wapigaji ilisimama hewani.

"Nilimsikia bibi. Aliniita mara mbili. Mara ya kwanza nikaongeza muziki, mara ya pili nikamwacha aite. Vile vitu havikuniziba, mama. Nilisikia nikapuuza. Wewe hukumuua mtu. Ni mimi."

Maji yaliacha kumwagika. Harufu ikaondoka, na vidole vikaondoka. Halafu, kwa muda wa kuvuta pumzi moja au mbili, Arame akapewa vyote kwa pamoja: bangili za wanawake, mbuzi akijikuna ukutani, farasi barabarani na kengele yake, kwikwi ya shangazi, na tumbo la Ndiaga likinguruma kwa njaa. Hakuitwa. Uso wake ulifunguka, akatabasamu, akamgeukia mama yake.

Yacine alifungua mdomo, na sauti ikakatika. Haikufifia. Ilikatika.

Mama alisema maneno mengi. Arame aliyatazama yote. Yacine alisimama, akanyoosha kidole kuelekea bafuni, akajipiga kifuani, akamnyooshea kidole bintiye, machozi yanamiminika, mishipa ya shingo imesimama, na alipomaliza alifunika uso kwa mtandio akaingia chumbani.

"Amesema nini?" Arame aliuliza, kwa sauti ambayo hakuweza tena kuipima. "Ndiaga, mama amesema nini?"

Ndiaga alimwandikia kwenye simu: amekusamehe. Shangazi Ngoné aliandika: amesema ni mipango ya Mungu. Bi Mbossé alikataa simu, akakunja kitambaa chake. Mimi nami niliulizwa, na simu ikawekwa mkononi mwangu. Nilikuwa nimesimama karibu kuliko wote na nilisikia kila neno. Niliandika: mama yako anakupenda sana, neno ambalo Yacine hakulisema.

Arame alisoma majibu yote matatu, akatutazama mmoja mmoja usoni. Yacine mwenyewe hangeweza kumwandikia. Hakuwahi kukaa darasani hata siku moja.

Wanaishi pamoja mpaka leo. Kila mchana Yacine humwekea bintiye chakula, anakaa mbele yake na kusema jambo, jambo lile lile la siku ya ngoma, taratibu, akimkazia macho. Arame humtazama midomo mpaka itulie, kisha anatikisa kichwa kukubali.